Uso Unaokubalika

Sheria inataka mlezi wa mgonjwa awe na uso wa huruma. Kipimo kimefungwa ukutani juu ya kitanda changu, na kikiona uso unaokubalika kinawaka kijani. Kwa mwanangu Elikana, mwenye usonji, kinawaka nyekundu kutwa nzima.

Lakini ndiye anayeniogesha na kunigeuza kabla sijasema mgongo unauma. Nikilia, anatoka nje kwa sababu kilio changu kinamuumiza, kisha anarudi na uji, ananinywesha huku akitazama kikombe. Dada yake Naanjela alikuja Pasaka, akanitazama kwa machozi, taa ikawa kijani tupu. Hakukaa hata chai ichemke.

Mkaguzi akikuta nyekundu, nitapelekwa kwenye makao ya wagonjwa. Kwa hiyo tulifanya mazoezi.

"Nitazame machoni, baba. Kunja paji la uso."

"Macho yako yananiunguza, Mama."

"Najua. Vumilia."

Kila baada ya mazoezi nilimwomba Mungu anisamehe. Nilikuwa nimechoka, naye amechoka zaidi.

Leo mkaguzi amekuja. Elikana alinikazia macho, jasho likimtiririka, mpaka taa ikawaka kijani.

"Hongera, kaka!" mkaguzi akasema. "Sasa unampenda mama kweli. Kipimo kitaendelea kukuangalia, usijali."

Akaaga, akaenda zake. Elikana hakuondoa macho.

"Mama, naweza kuacha sasa?"

Niliitazama ile taa.

"Bado, baba."