Hesabu ya Vyuma

"Ishirini na viwili," alisema muuguzi mpya. "Vimetimia. Leteni mashine."

Mama Hesabu alifumbua macho. Alikuwa amesikiliza kila chuma kikigonga sinia, na yeye alipata ishirini na kimoja.

Uso ulimwaka kwa aibu.

Jina hilo alipewa humu humu, kwenye chumba cha upasuaji wa ubongo, kwa kuwa miaka kumi na minne hakuwahi kukosea. Katikati ya kazi, kichwa kikiwa wazi, mashine ya sumaku huletwa kupiga picha, daktari aone kama kuna uvimbe uliobaki. Wagonjwa wengine huachwa macho, waongee na daktari. Kabla haijaingia, kila chuma lazima kihesabiwe, kitolewe. Kikisahaulika hata kimoja, sumaku inakivuta kama risasi, na mgonjwa yuko katikati.

Miezi mitatu nyuma, yeye ndiye aliyesema vimetimia. Mkasi ukaruka. Mungu si mwanadamu, uligonga mashine tu.

"Siku hizi si Mama Hesabu, ni Mama Makadirio," wenzake walimcheka kwenye chumba cha chai, wasijue yuko mlangoni na kikombe chake. Hakupewa tena kuhesabu. Hata leo asubuhi daktari alimwambia, "Kazi yako ni kunijibu nikikuuliza, basi."

Sasa hakuna aliyemuuliza. Akisema halafu awe amekosea tena, watacheka mpaka walinzi wa getini. Na asiposema?

Magurudumu ya mashine yalianza kunguruma.

"Ee Mola, afadhali mimi niaibike," alinong'ona. Kisha kwa sauti: "Bado kimoja!"

Mashine ikasimama.

"Mama yangu," muuguzi mpya alisema, kwa ule upole unaouma, "nimehesabu mara mbili."

"Hesabu ya tatu, mwanangu. Polepole."

Akahesabu. Sauti yake ilififia alipofika mwisho. Ishirini na kimoja.

Walipekua ndoo, sakafu, mashuka. Kibanio kidogo kilikutwa kimenasa kwenye mkunjo wa shuka, kando kabisa ya kichwa cha mgonjwa. Muuguzi mpya akaangua kilio, na Mama Hesabu, aliyeijua aibu ile, alitaka kumgeukia amwambie neno.

"Usigeuze kichwa, mama," alisema daktari nyuma yake. "Bado kiko wazi."