Genge Lisilo na Mwenyewe

Mbugani palikuwa na Nyati jike aliyependa sheria kuliko majani. Siku moja aliitisha baraza, wanyama wataje mahali pa kulindwa, pasichimbwe wala kuharibiwa. Sheria yake ilikuwa moja tu: anayelala mahali ndiye mwenye haki ya kupasemea.

Kiboko akalisemea bwawa lake. Chui akausemea msitu wake. Kisha Ngiri akauliza, "Mama Nyati, lile genge jeupe la chumvi kwenye ukingo wa mto ni la nani? Nataka kuchimba shimo langu pale."

Nyati akatazama huku na huku. Wote walikwenda kulamba chumvi pale, naye mwenyewe tangu utotoni, lakini hapakuwa na aliyelala pale. Kimya.

"Halina mwenyewe," akaamua. "Chimba."

Ngiri akachimba mpaka genge likaporomoka, na masika yakaisomba chumvi yote hadi mtoni.

Msimu wa kuzaa ulipofika, Nyati, aliyebeba mimba bila chumvi ya kulamba, akapata ndama dhaifu, miguu ikimtetemeka. Akamkokota mpaka kwa Ngiri.

"Unatuulia watoto!" akafoka.

"Niliuliza mbele ya baraza, Mama," Ngiri akajibu kwa upole. "Mlinyamaza."

"Tulinyamaza kwa kuwa lilikuwa letu sote!"

"Na mimi nikachimba kwa kuwa mlinyamaza nyote."

Nyati akageuka. Nyuma yake ndama alikuwa amepiga magoti, akilamba udongo mtupu.