Bonde la Pili

Kombo alinunua magodoro mawili ya aina moja, siku moja, ili wakeze wasinung'unike. Miezi minne baadaye, la Mwanakheri lilikuwa na bonde moja tu, upande wa ukutani alikolala mwenyewe. Kila zamu yake ilipofika, Kombo alisema godoro linamuumiza mgongo, akaenda zake.

Kwa mke mdogo haliumizi?

Asubuhi hiyo Mwanakheri alimpelekea uji mke mwenzake, Rehani, aliyekuwa na homa. Huruma hakuwa nayo. Alikwenda kuliona godoro. Rehani alipoinuka kunywa, Mwanakheri akapitisha kiganja juu ya shuka, polepole, akilitafuta bonde la mume wake. Alilipita la Rehani, akafika hadi ukingoni. Kote huko godoro lilikuwa gumu, limetuna vilevile lilivyotoka dukani.

Rehani aliutazama ule mkono mpaka ukasimama.

"Nami nilidhani mgongo wake unaponea kwako, dada," akasema.

Uji ulipoa bila kunywewa. Mwanakheri akakaa pale pasipolaliwa na mtu, na godoro hapo, kwa mara ya kwanza, likabonyea.