Mifupa Ishirini na Saba

Yule mwanamke hakufungua mdomo hata mara moja, na hilo ndilo lililomkosesha raha Padri Osbert.

Alikuwa kwenye foleni ya mahujaji tangu kengele ya asubuhi, amemshika mkono binti yake wa miaka sita hivi. Wenzake waliimba, yeye kimya. Walisali, midomo yake haikucheza. Osbert alipompitia na kikapu cha mkate wa sikukuu, akamwambia, "Chukua, mama, umetoka mbali," alitikisa kichwa tu. Shavu lake la kushoto lilikuwa limetuna kidogo.

Ana kitu mdomoni huyu, Osbert aliwaza. Kiwembe. Au koleo dogo.

Msidhani ana wazimu. Kila mtu katika Kanisa Kuu la Harnminster alijua kwamba mwizi wa mifupa ya watakatifu haji na gunia. Anakuja na meno. Anapiga magoti, anainama kubusu kama mcha Mungu wa kweli, na akiinuka, kipande kimeondoka naye kwenda kuponya ng'ombe wa kijijini kwao. Hata maaskofu wageni wamewahi kufanya hivyo, wala haya hawakuona.

Ndiyo maana mkono wa Mtakatifu Wenfrida ulikuwa na mlinzi, na mlinzi huyo alikuwa Osbert. Ulilazwa juu ya hariri nyekundu, mifupa ishirini na saba, ukitolewa mara moja kwa mwaka ili watu waubusu. Mnara mpya, ule ambao waashi walikuwa bado wakiugonga huko juu, ulijengwa kwa sadaka za waliokuja kuubusu mkono huo. Na Mkuu wa Kanisa, Padri Ranulf, alikwisha kuapa mbele ya mapadri wote: siku mfupa mmoja utakapopungua, Osbert ataliacha kaburi la Mtakatifu na kwenda kuwasomea misa bata na vyura kwenye mabwawa ya kaskazini.

Osbert alikuwa na miaka hamsini na minne na kifua kibovu. Huko mabwawani asingemaliza kipupwe kimoja, na alilijua hilo. Tangu sikukuu ya mwaka jana hakuwa amepata usingizi wa maana.

Mkuu alipita akisugua viganja, mtu aliyekwisha kunusa chakula.

"Osbert! Jikoni wanachemsha makongoro ya nguruwe, miguu na mifupa yake. Au bado umeyasusa?"

"Ni nadhiri tu, Mkuu."

"Mwaka mzima! Wewe uliyekuwa ukigombea bakuli la pili! Angalia, utatangazwa mtakatifu tukiwa hai, na sisi walafi tutaambiwa nini?" Akacheka, akaenda zake.

Osbert hakucheka. Mwanamke alikuwa amebakiza watu watatu mbele yake, na sasa Osbert alimtambua. Mwaka jana alikuja na mtoto huyuhuyu mgongoni, miguu imelegea, akatundika ukutani mguu wa nta kama wafanyavyo wenye wagonjwa. Kisha akabusu, akakawia mno. Leo mtoto alikuwa akiruka kwa mguu mmoja juu ya makaburi ya maaskofu, na mama yake hakumkemea.

Muonja asali haonji mara moja. Osbert akasogea karibu.

Mwanamke akapiga magoti. Akainama juu ya hariri. Osbert akahesabu pumzi: moja, mbili, tatu, nne, tano. Hakuna anayebusu kwa pumzi tano! Alipoinuka alikuwa analia, akijifuta mdomo kwa ukaya wake wa kichwani.

"Mwizi!" Osbert akamkamata kifundo cha mkono. "Siku za mwizi arobaini, mama, na zako zimetimia leo! Fungua kinywa!"

Akafungua. Ulimi, meno machache, basi.

"Amemeza! Jamani, amemmeza Mtakatifu!"

Kanisa zima likalipuka. Mahujaji waliokuwa wakiimba zaburi punde tu wakainua fimbo zao. "Akatwe mkono!" sauti ikapazwa kutoka nyuma, na haukuwa utani, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Mtoto alimng'ang'ania mama yake kiunoni, akilia kwa kwikwi.

Padri Ranulf alirudi mbio, kanzu kaishika mkononi. "Hapana kumpiga mtu ndani ya nyumba ya Mungu! Tutahesabu kwanza."

"Hesabu, Mkuu," Osbert alisema. "Hesabu kwa sauti, watu wote wasikie."

Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana alihisi kifua kimefunguka. Mfupa utapungua, ndiyo, lakini mwizi yuko hapa mkononi, na aliyemnasa ni yeye. Nani atampeleka mabwawani mlinzi kama huyo?

Mkuu alihesabu polepole, akigusa kila mfupa kwa ncha ya kidole. Hata waashi huko juu waliacha kugonga.

"Ishirini na tano. Ishirini na sita."

Osbert akafumba macho, akangoja Mkuu aishie hapo.

"Ishirini na saba," Mkuu alisema. Halafu, kwa sauti ndogo zaidi: "Ishirini na nane."

Akahesabu upya tangu mwanzo. Ishirini na nane.

Ndipo mwanamke aliposema. Sauti yake ilikwaruza, maana hakuwa ameitumia tangu asubuhi.

"Mwaka jana nilichukua mmoja, Padri. Mwanangu alikuwa anakufa, ningefanyaje? Leo nimeurudisha. Ni mmoja tu, naapa kwa huyu aliyepona."

Mkuu alikuwa ameokota mfupa mmoja katikati ya hariri, mfupi, mnene kuliko wenzake. Aliugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akaupeleka puani, akanusa. Kisha akamgeukia mlinzi wake.

"Osbert, ndugu yangu," akasema taratibu, "hii nadhiri yako ya makongoro, ulisema uliianza lini?"