Nilivyokufa Jumamosi

Jumamosi, kabla ya pambano la mieleka ya runinga, mume wangu Ngwali alisimama mbele ya kamera katika chumba cha kubadilishia nguo, akalia, akasema mkewe amefariki. Waandishi wa kipindi ndio waliomtungia. Watazamaji wanampenda mwanamieleka mwenye uchungu.

Na sheria kila mtu anaijua: kinachosemwa mbele ya kamera ile ni kweli, hata nyumbani.

Jumapili majirani walitandika mikeka sebuleni. Pilau ya matanga yangu niliipika mwenyewe, wakala bila kunitazama usoni. Mama mkwe akazikunja khanga zangu, akazigawa.

"Baba Salha, waambie basi," nilimsihi Ngwali jikoni.

Alinong'ona huku akitazama sinki. "Vumilia. Wameniahidi utafufuka mwezi wa tatu, kwenye pambano kubwa."

Lakini tangu nife anashangiliwa kuliko bingwa. Nani atataka nirudi?

Jana, nikimsuka nywele, binti yetu Salha alihakikisha mlango umefungwa, kisha akaniuliza, "Mama, kwani ulikufa na ugonjwa gani?"

Nikamwambia asubiri Jumamosi, baba yake atasema.