Usingizi wa Dereva

Mkewe alimtia kiwiko cha mbavu palepale kwenye benchi la zahanati. Yule dereva wa lori akashtuka, akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa kisimani.

"Anaacha kupumua," mkewe alimwambia daktari walipoingia. "Anakoroma weee, halafu kimya. Nisipomsukuma, harudi."

"Tangu lini?"

"Tangu kitindamimba wetu ananyonya. Sasa ana ndevu."

Daktari akamgeukia mume. Akiamka kichwa kinamuuma? Mchana anasinzia? Ana hasira za karibu? Kila swali, ndiyo. Na usukani je? Hapo akainamisha kichwa. Wiki iliyopita alizinduka magurudumu yako nje ya lami na wauza nyanya wanakimbia ovyo. Alikuwa hajamwambia mtu.

"Koo lako linaziba ukilala," daktari alisema. "Pombe acha, mwili punguza, na ulale na mashine hii. Unavaa barakoa, inakusukumia hewa. Lori usiliguse mpaka nikuruhusu. Utaua watu, bwana."

Dereva akamtazama mkewe amtetee. Mkewe alikuwa amelala kitini, mdomo wazi.

"Daktari, na huyu umempata!" dereva alisema, na wanaume wote wawili wakacheka.

Funguo za lori alizirudisha kwa bosi siku hiyohiyo. Ilimuuma, mwanamume mzima kukalishwa nyumbani. Lakini ile mashine, jamani! Usiku alilala fofofo, bila hata mkoromo mmoja.

Mkewe ndiye hakuweza. Kwake kimya kilikuwa na maana moja tu, na hakuna daktari aliyemwambia vingine. Kila alipofumba macho aliketi tena, akamwekea mumewe mkono kifuani mpaka ahisi kinapanda. Akajilaza, akaketi. Kukakucha.

"Leo pumzika, mama," mume alimwambia, maana macho yalikuwa mekundu kama pilipili.

"Na watoto wa watu nimwachie nani?" akajibu, akavaa viatu, akatoka.

Asubuhi yote dereva alifagia huku akipiga mluzi. Kichwa kilikuwa chepesi, na chai aliyojichemshia ilikuwa na ladha. Akaona aibu kwamba miaka yote ile hakuwahi kumwambia mkewe ahsante. Leo akirudi atamwambia.

Simu ikalia. Aliyepiga, jirani yao, alikuwa anahema.

"Shemeji, kuna ajali. Gari limetoka barabarani, limeingia korongoni. Dereva alisinzia."

Akakaa sakafuni. Ajali hiyo alikuwa akiiona ndotoni kila mara, na kila mara aliyeshika usukani ni yeye.

"Lori langu!" alisema. "Walimpa nani lori langu?"

"Si lori, shemeji, ni basi la shule. Watoto tumewatoa wote, wazima. Mkeo ndiye bado amebanwa kwenye usukani, na tunamwita haamki."