Upande wa Pili wa Mashine

Chikichi zilikuwa zimechemka na kujazwa kwenye mashine ya kukamulia mawese, na zikipoa hazitoi mafuta. Goreti alisukuma tena mkono wa chuma. Haukusogea. Mkono ule husukumwa na watu wawili, mmoja kila upande, wakizunguka, na upande wa pili ulikuwa wa mume wake, aliyezikwa wiki mbili zilizopita.

Chuma cha upande ule kiling'aa kwa viganja vyake. Goreti hakutaka kukigusa.

Alikimbilia kwa Spesiosa, jirani aliyelala naye matangani siku zote saba, akimwambia, "Tuko pamoja, dada, turi kumwe."

"Mimi pia niko na chikichi ku moto," Spesiosa alisema bila kuinuka. "Nitakuja kesho."

"Zinapoa sasa hivi!"

"Uvumilie basi. Mungu iko."

Goreti alirudi mbio. Aligusa pipa la mashine. Joto lilikuwa linaisha. Alishika simu ampigie shemeji yake wa Minago, akakumbuka ameshampigia mara nne tangu asubuhi bila kupokelewa.

"Mungu, unasikia?" alifoka, akitazama mabati ya kibanda. "Wanasema uko. Basi shika upande ule. Mimi nimechoka kuimbiwa maneno hayo."

Alifumba macho, akaegemeza kifua kwenye chuma, akasukuma.

Mashine ililia. Chuma kikasogea hatua moja, kisha ya pili, na mawese yakaanza kudondoka kwenye ndoo.

Goreti aliendelea kuzunguka. Hakuthubutu kufumbua macho.